Macho Niliyomchorea Mdogo Wangu

Kabla hujanicheka, jua kwamba haya hayakunifikia kwa kusimuliwa. Yamenipata mimi mwenyewe, mchana, na akili zangu timamu. Atakayesema nimechanganyikiwa, banda langu lipo mtaa wa Gerezani, Kariakoo, aje aniambie usoni.

Mimi ni mchora mabango. Yale maandishi ya "Spea Zipo" na "Tunachomelea Mageti" mtaani kwetu, mengi ni mkono wangu. Mdogo wangu, Idi, alikuwa na kazi porini, kuzungukia kamera zinazofungwa kwenye miti, zile zinazopiga picha zenyewe mnyama akipita usiku. Akawa ananitumia picha kwenye simu. "Dada, achana na mageti, jifunze wanyama. Watalii wananunua." Basi nikajifunza. Fisi wangu wa kwanza, jamani! Idi alicheka weee, akaniuliza, "Huyu mbuzi kapatwa na nini?" Nikamtukana, nikachora tena. Miguu ilinitesa wiki tatu. Macho ndiyo yalikuwa rahisi, maana kwenye picha za usiku macho ya mnyama huwaka. Unaacha karatasi nyeupe, unazungushia mstari mwembamba mweusi, basi, fisi anakutazama.

Halafu Idi akapotea. Pikipiki yake ilionekana porini, yeye hakuonekana. Wenzake wa kazini walimtafuta hadi wakachoka. Mama akakataa hitma. "Nimsomee nani? Mmeniletea maiti?" Akaacha kula. Kijiko anakitazama tu. Unajua uchungu wa kumlisha mzazi aliyefumba mdomo? Omba usiujue. Mama alikuwa anakwisha huku namwona, na mimi sina la kufanya.

Picha ya mwisho aliyonitumia Idi ilikuwa yake mwenyewe. Kainama mbele ya kamera, mwanga umempiga uso mzima hadi huoni pua wala mdomo. Siku ya arobaini tangu apotee nikaichapisha, nikaibandika ukutani, nikamchora kwa mkaa, ukubwa wa mtu. Uso nikaujaza kwa kukumbuka. Nilikuwa nalia, nasema naye, "Rudi, Idi. Rudi hata vipi, Mama anakufa." Hata vipi! Nilisema kwa mdomo wangu huu. Nikafika kwenye macho. Macho ya binadamu sikuwahi kujifunza, na machozi yamenijaa, basi mkono ukafanya ulichozoea. Nikaacha nyeupe, nikazungushia mstari.

Siku ya pili yake, baada ya alasiri, mvua ikashuka na umeme ukakatika. Nyumba yetu hapo Kariakoo ni zile za zamani, korido katikati, vyumba huku na huku. Umeme ukikatika, ndani ni giza tupu hata mchana. Nikasikia, "Hodi." Sauti ya Idi! Nikaitika karibu kabla sijafikiri, nikakimbia nusura nianguke. Nikamkuta keshaingia, kasimama kwenye korido, mkavu kabisa, na nje mvua inamwagika. Nikawasha tochi ya simu nimwone vizuri mdogo wangu.

Macho yakawaka. Yote mawili, meupe, na duara jembamba jeusi. Wallahi nilirudi nyuma, tochi bado nimemwelekezea.

"Dada, mbona unanimulika?" akasema. "Mama yuko wapi?"

Akanipita. Nikamsikia Mama chumbani analia kwa furaha, anamwita jina lake. Kabla ya magharibi Mama alikuwa amemaliza sahani nzima ya wali. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Ungemfukuza?

Yupo mpaka leo. Majirani tumewaambia alipatikana akiumwa. Chakula hagusi. Paka wa uani wamehama wote. Nikimuuliza jambo la utotoni, anatabasamu tu. Usiku namsikia anatembea koridoni hadi alfajiri, na mimi nimejifungia. Nimechoka, ndugu yangu. Nimechoka mno.

Wiki iliyopita nikachukua kopo la rangi nyeusi na brashi, nikautoa ule mchoro, nikasema leo nayafunika haya macho, liwalo na liwe. Mama akanikuta. Akanikamata mkono kwa nguvu ambazo sikujua anazo.

"Acha."

"Mama, huyu si Idi."

"Mimi ndiye niliyemzaa," akasema. "Unadhani sijui? Nilijua tangu aliponishika mkono." Akaanza kulia. "Niachie, mwanangu. Niachie huyuhuyu."

Nikaweka brashi chini.

Sasa wewe uliyepotelewa na mtu wako, nakusihi. Lia. Toa sadaka, mwombee, mwache aende. Usije ukathubutu kusema "rudi hata vipi", kwa sababu hujui nani anasikiliza. Mimi nilisema, na sijapata wa kunisaidia. Mama yangu ni mtu mzima sana. Siku Mungu akimchukua, tutabaki wawili kwenye ile nyumba, mimi na huyo.