Mifupa ya Jamila

Mwanahamisi wa Kindu alikuwa mwanamke wa kushiba. Si tumbo tu, ingawa tumbo nalo halikulalamika, bali na moyo. Alizaliwa upande wa msitu, kwa Wasongola, akaletwa mjini akiwa mdogo katika mambo ya misafara ambayo mwenyewe hakupenda kuyasimulia. Akapewa jina jipya, akajifunza kuvaa kaniki na kufunga Ramadhani, na mwishowe akaolewa na Bulaimu, seremala, mwanamume wa maneno machache na mikono mikubwa. Ilikuwa miaka ile kabla ya vita vya Wazungu na Waarabu, wakati mpunga ulipokuwa ukistawi kando ya mto hata watu wakasahau njaa inafananaje.

Kazi yake ilikuwa vitumbua. Alitwanga mchele uliolowekwa, akakaanga kwa mawese kwenye kikaango cha udongo, akauza njiani kuelekea msikitini, na watu walisema wako waliokwenda kuswali kwa ajili ya harufu. Mnunuzi akilalamika kwamba kitumbua ni kidogo, aliambiwa kwamba kinywa chake ndicho kikubwa. Akarudi kesho yake vilevile.

Jambo moja tu lilimkera: sala zote alizijua kwa masikio, na maandishi yalimpita kama maji. Basi alitaka bintiye Jamila asome. Akampeleka chuoni, kwa Kurani, pamoja na sinia la wali na kuku, mbele ya Mzee Waziri, mkubwa wa msikiti, aliyekuja kutoka pwani na ambaye mji mzima ulimsikiliza. Akamkabidhi mtoto kwa Mwalimu Bakari kwa maneno ambayo kila mzazi aliyasema: "Nyama yako, mifupa yangu." Maana yake, mchape ili ajue, lakini usinirudishie kilema. Aliyasema kwa sauti kubwa, kwa majivuno, na njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa akitabasamu peke yake.

Siku moja Jamila alirudi ameukumbata mkono wake wa kushoto kama mtu aliyebeba kifaranga.

"Nilianguka," akasema.

Jirani yao Riziki alikuwa pale akipepeta mchele. Akauweka ungo chini. "Mwalimu njo amekuambia useme umeanguka?"

Jamila akaangua kilio, na habari ikatoka: alikosea kusoma, mwalimu akampiga kwa gongo la mlango.

Mganga wa mifupa akaufunga mkono kwa vijiti na kamba za gome. Ukapona, ila umepinda kidogo juu ya kifundo, na mpaka leo, uzeeni mwake, haujanyooka. Siku ile ya kufungwa mkono, wakati mtoto amelala, Riziki alisema lililokuwa limemkaa kooni.

"Wangu naye alianguka, mwaka jana. Nilikwenda kwa Mzee Waziri. Akaniambia, ukimwaibisha mwalimu umeiaibisha dini. Nikanyamaza, mama Jamila. Nisamehe."

"Wewe nikusamehe kitu gani, yaya, dada yangu? Aliyekunyamazisha njo nitamwona."

Akaenda na Bulaimu. Mzee Waziri aliwasikiliza, akasikitika kwa dhati, akasema, "Niachieni mimi." Na kweli, kabla ya Ijumaa Mwalimu Bakari hakuwepo tena Kindu. Wanawake wakapiga vigelegele uani. Mwanahamisi akakaanga vitumbua vya bure kwa mtaa mzima, jambo ambalo halikuwa limetokea kamwe na ambalo Bulaimu alilitazama kwa mshangao. Kwake yeye mambo yalikuwa yamekwisha, na maisha yakarudi kuwa matamu.

Mpaka akaja Kasimu, mfanyabiashara wa mikeka kutoka mji wa Tunda. Alichuchumaa kando ya kikaango, akala, akafuta vidole, akashukuru kama mtu mwenye adabu.

"Watu wa Kindu muna moyo muzuri. Mumetupa mwalimu. Sheikh wenu alituma neno mbele ya wote kwamba huyu Bakari iko muntu wa baraka, tumupe watoto wetu. Wangu wawili wameshaanza."

Vitumbua vilivyokuwa motoni vikaungua vyote. Mwanahamisi hakuviepua. Alimwambia Kasimu yote, pale pale, na Kasimu akamtazama kwa huruma kidogo na kutoamini kwingi. Nani angeamini mchoma vitumbua dhidi ya neno la sheikh?

Akamkuta Mzee Waziri barazani kwake akisafisha kalamu.

"Mzee, shikamoo. Bakari iko Tunda anafundisha."

"Marahaba, mama Jamila. Najua. Alitaka riziki, na mimi nilitaka aondoke. Ameniapia kwamba hatarudia."

"Mukono wa Jamila haukuvunjwa na ulimi wake. Angekuapia kwa gongo."

"Sikiliza, binti yangu. Mtu wa dini akianikwa hadharani, dini ndiyo inayochekwa. Tumezungukwa na watu wanaongoja tuteleze. Na kiapo cha kukabidhi mtoto ulikisema mwenyewe. Nyama ilikuwa yake."

"Nyama, ndiyo. Mufupa ulikuwa wangu. Nilikuja kuuchukua, nikaukuta vipande viwili. Na wewe ulijua kwamba anavunja, sababu Riziki alikuambia."

Mzee Waziri akaitazama kalamu. "Jambo hili limekwisha. Rudi kwenye kikaango chako."

"Nitarudi. Kukaanga najua," akasema Mwanahamisi, akaondoka bila kuaga, na hilo kwa mtu aliyelelewa kwa adabu za mji ule lilikuwa kama tusi.

Mwezi ulipoandama akafika mwalimu mpya, kijana mpole kutoka Nyangwe, na wazazi wakaitwa kuwakabidhi watoto upya. Jana yake Mwanahamisi alimuuliza bintiye, "Utakubali watu wauone mukono wako?"

"Nitauonyesha mwenyewe," akasema Jamila. "Wewe utapayuka tu."

Uwanja wa msikiti ukajaa masinia ya wali. Mwanahamisi alikuwa amewahi, akashika nafasi ya mbele, na ilipofika zamu ya kusema akasema: "Mutoto njo huyu. Mifupa yangu. Na nyama yangu."

Mzee Waziri akasema polepole, "Sema kama ilivyo desturi."

"Desturi niliisema mara ya kwanza, mzee."

Jamila akavuta nguo yake juu ya kiwiko, akaunyoosha mkono, yaani akaunyoosha mpaka pale unapokataa.

"Muchoma vitumbua amekuwa kadhi," mtu mmoja akanong'ona nyuma, si kwa sauti ya chini sana.

"Na wewe unayevila kila siku umekuwa nani?" akajibu Mwanahamisi bila kugeuka. "Wazazi, mutafanya munavyotaka. Mimi simukabidhi Jamila mpaka Mzee Waziri atuambie hapa alijua nini, na alijua lini."

Kama Mwanahamisi angebaki peke yake, basi watoto wa Tunda nao walikuwa wamekwisha. Kisha Riziki akaliinua sinia lake kutoka kwenye mkeka. "Na wangu pia. Nyama na mifupa." Nyuma yake baba mmoja akamvuta mwanawe mkono. Masinia yakaanza kuondoka, moja, jingine, na kijana wa Nyangwe akabaki ametazama chini kama bwana harusi aliyekataliwa.

Mzee Waziri aliketi. Alionekana mzee kuliko asubuhi ile.

"Nilijua tangu kwa mtoto wa Riziki," akasema. "Ningesema siku ile, mkono wa huyu ungekuwa mzima. Sikusema. Nikampeleka Tunda na sifa juu."

Wako waliotaka kulia naye, wako waliotaka kumsamehe palepale ili wali usipoe. Mwanahamisi akawakatiza. "Ahsante kwa kusema. Sasa kawaambie watu wa Tunda."

"Nitatuma mtu."

"Kwa kumusifu ulituma muntu. Kwa hili jitume mwenyewe. Na Bulaimu atakusindikiza. Si kwamba sikuamini, mzee." Akafikiri kidogo. "Hapana, njo kwamba sikuamini."

Watu wakacheka, na hata Mzee Waziri mdomo ukamcheza.

Wakaenda. Mwanahamisi akakaanga vitumbua vibaya siku zote hizo, na wateja wakavumilia. Bulaimu aliporudi, miguu imejaa vumbi jekundu, alikalishwa, akapewa maji, akanyimwa chakula mpaka aseme.

"Walimuchinjia mzee mbuzi," akasema. "Wakamusifu. Nikaona analainika. Nikasema moyoni, basi, imekwisha."

"Halafu?"

"Baada ya swala ya Ijumaa akasimama. Akasema yote. Bakari alikuwa humo humo. Mwanamuke mumoja akauliza kutoka mulangoni, kwa nini hukutuambia mwanzo? Akajibu, niliogopa aibu yangu, nikaiita aibu ya dini."

Kwa Bulaimu hayo yalikuwa maneno ya mwaka mzima. Akapumua, akaendelea. Kasimu wa mikeka ndiye aliyekuwa wa kwanza kuwatoa watoto wake. Bakari aliondoka bila mwanafunzi hata mmoja, na Mzee Waziri akapita kila kijiji cha njiani akilirudia neno lilelile, ili Bakari asipokelewe kwingine. Msikitini Kindu mzee hataongoza sala. Alikuwa amesema ataswali safu ya nyuma mpaka watu wenyewe waamue.

"Alitaja jina la Jamila?"

"Hapana. Alitaja lake."

"Vizuri," akasema Mwanahamisi, akampakulia.

Asubuhi iliyofuata alimwogesha bintiye, akamfunga kanga safi, akamsindikiza kwa mwalimu wa Nyangwe, ambaye sasa alifundishia barazani, wazi, mbele ya macho ya wapitaji. Wakafika. Mwanahamisi akasimama. Akaendelea kusimama.

"Mama, rudi," akasema Jamila. "Watu wanangoja vitumbua."

"Wangoje. Vinywa vyao vikubwa."

"Rudi, mama."

Akarudi, mwendo wa pole, akisikia nyuma yake sauti za watoto zikianza alifu, na ile ya bintiye ikiwa juu ya zote, yenye makosa na isiyoogopa kitu.