Ijumaa ya Mita Mia Nane

Wiki iliyopita binti yangu alirudi kutoka shuleni na kazi ya PE, somo la michezo: mzazi aruke kamba pamoja na mtoto, wapigwe picha, picha itumwe kwenye grupu ya wazazi. Nikaruka, hapo hapo uani kwenye nyumba za kupanga karibu na Daraja Mbili, majirani wakinichungulia na kucheka bila aibu. Haukupita muda pumzi zikaniishia. "Mama," akasema binti yangu, "kwani nyinyi hamkuwa na PE?" Nusura nimfukuze na ile kamba. Sisi! Sisi ndio tuliokuwa na PE.

Shule yetu ya msingi ilikuwa upande wa Nyacheki, kwenye mteremko, kama kila kitu kingine huko. Uwanja nao ulikuwa mteremko. Juu madarasa, chini majani chai ya jirani, na mpira ukipigwa vibaya ulipotelea humo hadi mtu ajitolee kuufuata na kutoka sketi imelowa umande mpaka kiunoni. Muhula wa kwanza ulikuwa wa mipira na kunyoosha viungo. Mwalimu wetu wa michezo, Madam, mwanamke mnene kidogo aliyevaa kipenga shingoni hata akifundisha Kiswahili, alitupanga mistari asubuhi ukungu ukiwa bado bondeni, akatuamuru tuguse vidole vya miguu. Tulivigusa huku tukicheka, kwa sababu kwenye mteremko ukiinama vibaya unabingirika, na hakukukosekana wa kubingirika.

Muhula wa tatu nautaja hapa niumalize, maana hauna cha kusimuliwa. Kwenye ratiba PE ilikuwepo, uwanjani haikuwepo. Kipindi chetu kilipofika, mwalimu wa hesabu aliingia na chaki zake akasema mtihani wa taifa hauulizi nani anajua kuruka. Mpaka leo nikimkumbuka damu inanichemka. Tulikaa tukitafuta eneo la duara huku ng'ombe wa jirani wakila nyasi za uwanja wetu kwa raha zao.

Lakini muhula wa pili! Huo ndio uliokuwa wangu, muhula wa riadha. Njia za kukimbilia tulizichora kwa majivu ya jiko la shule, mvua ya alasiri ikaziosha, kesho yake tukazichora upya bila kulalamika. Na kwa kuwa tulizoea uwanja ulioinama, sote tulikimbia bega moja likiwa chini kuliko jingine. Tukifika kwenye mashindano ya kanda, penye uwanja wa tambarare, watoto wa shule nyingine walitutambua kwa mbali. "Wale wa mlimani wamekuja! Waangalie wanavyolala upande!" Walitucheka, sawa, lakini mapafu tulikuwa nayo. Ningetoa kitu kikubwa leo nipate hata nusu ya yale mapafu.

Mwaka wa darasa la nane nilitaka jambo moja tu: kufuzu katika mita mia nane na kuvuka ngazi ya kanda. Mwaka uliotangulia nilikosa kidogo sana, na huu ulikuwa wa mwisho. Baada ya hapo ni sekondari, na nyumbani hakuna aliyekuwa na habari ya mbio. Mashindano yakapangwa Nyamache, siku ya Ijumaa. Hapo ndipo shida ilipoanza, maana sisi ni Wasabato, na Tata, ndivyo tunavyomwita baba kwetu, alikuwa mzee wa kanisa. Ijumaa alasiri nyumbani ilikuwa ya kufua, kupiga pasi, kupiga deki na kupika chakula cha kesho, na binti mkubwa nilikuwa mimi. Jua likizama, saa kumi na mbili jioni, Sabato imeingia, hakuna mjadala. Tata alikubali niende kwa sharti moja: atakuja kunichukua mwenyewe, na Sabato haitanikuta uwanjani.

Fainali yangu ilikuwa saa tisa. Saa nane ikaja mvua, ile mvua ya kwetu isiyobisha hodi, tukajibanza madarasani tukiisikiliza ikipiga mabati. Ilipokatika uwanja ulikuwa matope matupu, na waamuzi wakaanza na wavulana wadogo. Tata akafika na mwavuli na gambuti, akasimama kando. Saa kumi na moja ikapita. Walipoita wasichana wa mita mia nane, saa kumi na mbili ilikuwa imeshafika.

Sikungoja kuambiwa. Nilivaa viatu vyangu machozi yakinitoka, nikaenda kusimama karibu naye tuondoke. Madam akatufuata mbio, kipenga kikimrukaruka kifuani.

"Mzee wetu, tafadhali. Ni dakika chache tu. Huyu mtoto amejituma sana."

Tata akatoa simu mfukoni, akaitazama, akaizima kabisa. Kisha akaangalia juu. Mawingu yalikuwa yamefunika kila mahali, jua halijaonekana tangu mchana.

"Mimi jua sijaliona likizama," akasema polepole. Akanigeukia. "Lete viatu."

Nikavivua. Akavipokea na matope yake, akaupa uwanja mgongo. Hivyo ndivyo alivyosimama mbio zote, ameelekea kwenye migomba, mwavuli umefunguliwa na mvua hakuna. Nilimwona kila nilipopita upande ule.

Nilimaliza wa pili, na wawili ndio waliofuzu. Madam aliniinua juu kwa furaha, tukaanguka sote wawili matopeni.  Njiani nilikuwa na furaha na hofu kwa pamoja, sikujua nianze na ipi. Nyumbani Mama alikuwa amekwisha kuifungua Sabato kwa wimbo na sala pamoja na wadogo zangu. Aliangalia miguu yetu, akaleta maji ya moto.

Asubuhi tukaenda kanisani. Kwetu wazee wa kanisa huketi mbele, wakitazamana na waumini. Tata aliingia akakaa benchi la nyuma kabisa, kando ya mlango, pale wanapokaa wachelewaji na akina mama wenye watoto wanaolia. Hakuna aliyekuwa amemshtaki. Hakuna hata aliyejua. Shemasi mmoja akaja kumnong'oneza, Tata akatikisa kichwa, akabaki pale pale. Kule mbele kiti chake kilikuwa kitupu, na nilijua ni kwa sababu yangu. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda baba yangu asubuhi ile.

Nikatoka kwa Mama, nikaenda nyuma, nikaketi naye. Akasogea kunipa nafasi, akanishikisha upande mmoja wa kitabu cha nyimbo. Tuliimba ubeti mzima. Halafu akaniinamia sikioni, macho yakiwa bado mbele.

"Yule wa kwanza," akanong'ona, "alikupita wapi?"

"Kona ya mwisho, Tata."

Akafumba macho. Aliyemwona alidhani anaomba.