Kaburi la Mgeni Wetu

Kila mwezi wa Shaabani, kabla ya mfungo kuingia, tulifagia makaburi matatu shambani kwetu Nambambo: la baba, la mama na la mgeni. Mgeni alikuwa mpigania uhuru wa Msumbiji. Aliugua akafia nyumbani kwa babu, enzi zile nchi yetu ilipowapokea wapiganaji wa kusini. Mama alipokuwa anatutoka alinishika mkono. "Wadogo zako, na yule mgeni. Usiwaache." Nikaacha shule, darasa la sita. Sikuwaacha.

Mwaka jana ukaja ujumbe wa watu kutoka kwao Msumbiji, pamoja na maofisa wetu. Walitaka kumrudisha mgeni akazikwe kwao kwa heshima. Shamba ni letu, hivyo ikatakiwa sahihi yangu. Mdogo wangu, ambaye ni mwalimu huko Ruangwa, alipanga viti huku akinitania.

"Dada, leo unakaa na mabalozi! Usije ukavunja uhusiano."

Sikucheka. Kiongozi wao alizungumza Kireno, mkalimani akatafsiri: undugu wa Afrika, mataifa yaliyobebana katika shida. Niliyaamini maneno yale, maana babu yangu aliyaishi. Lakini kalamu ilikuwa nzito.

"Huko nani atamfagilia kaburi?" niliuliza.

"Serikali itamtunza, mama."

"Nauliza mtu."

Nyuma yao alikaa bibi mmoja aliyeshuka nao garini. Alinijibu kwa Kimakua, lugha ya mama yangu.

"Mimi. Ni kaka yangu. Alipokwenda vitani nilibaki mkubwa wa nyumba, na wadogo wanne. Nikifa, yupo mjukuu mwenye jina lake."

Tukaongea wenyewe. Mkalimani hakujua Kimakua, akafunga daftari. "Basi mimi niende nikanywe chai."

Nikamweleza bibi nilichomwahidi mama. Akauliza nimelea wangapi. Watatu, nikamwambia, na wote wamesoma.

"Na wewe?"

"Mimi nilibaki nyumbani."

Akaitikia kwa kichwa, hakuniambia pole. Nikatia sahihi.

Siku ya kufukua, sanduku lilipokwisha kufunikwa bendera na kupakiwa, bibi hakupanda gari. Aliniomba ufagio. Akafagia kaburi la baba, kisha la mama, taratibu, hadi pembeni kabisa, msafara mzima ukimsubiri.