Posa Iliyokwama Kwenye DVD

Dada yangu mkubwa alivunjika mguu siku tatu kabla ya posa ya binti yangu, kwenye ngazi za soko la Kimironko, akiwa amebeba kitambaa cha sherehe hiyohiyo. Kwa hiyo shangazi wa bibi harusi, mtu ambaye kwetu msichana haondoki nyumbani bila yeye, alizipitisha sherehe zote, kuanzia posa mpaka kanisani, hospitalini, mguu umening'inizwa hewani.

Alipotoka alitoa tamko. "Serikali imewapa. Padri amewapa. Mimi bado sijawapa. Nitawapa nikiona."

Tulicheka. Binti yangu hakucheka. Shangazi huyu ndiye aliyemlea kwa miaka minne nilipokuwa ng'ambo natafuta shahada, na sasa kila mara alipomtaja mume wa binti yangu alisema "yule mgeni." Maharusi wenyewe walikuwa wanahamia Mwanza wiki iliyofuata.

"Baba, mimi siondoki mpaka amwite mkwe," aliniambia. "Fanya hiyo kitu."

Hiyo kitu ilikuwa DVD. Dada ana televisheni yenye kisogo kirefu, na deki anayoitandikia kitambaa cha kufuma kama mtoto mchanga. Kuangalia kwenye simu hataki: "Watu wadogo kama inzi." Kompyuta yangu pia aliikataa: "Harusi haiangaliwi kwa kuinama." Mpiga video alikuwa ametupa kila kitu kwenye flashi, na nilipomtajia DVD alinitazama kama mtu aliyeombwa kuchora sherehe kwa mkaa. Mwenzangu wa ofisini, kule Kacyiru, akaniazima mashine ya kuchomea DVD. DVD tupu nikazipata kwa mama mmoja anayeuza chaja, akazipangusa vumbi kwa kiganja.

"Mzee, hizi iko nzima kabisa. Wateja ndiyo wameisha."

Nina shahada mbili. Hakuna hata moja iliyogusa suala hili.

DVD ya kwanza niliikokotea faili la video na kulitumbukiza humo kama kiazi kwenye gunia. Deki iliimeza, ikakoroma, ikaitema. Baada ya kusoma sana nikaelewa kuwa deki haitaki faili. Inataka video iliyogeuzwa kwanza kuwa ya namna inayoijua, ndipo ichomwe.

Ya pili ilionyesha picha. Ila niliiandaa kwa skrini pana, na televisheni ya dada ni ya zamani, karibu mraba. Ukoo mzima ulitokea mrefu na mwembamba, mimi nikiwa kama mwiko.

"Mbona mmekonda hivi?" dada aliuliza. "Watu hamkuwapa chakula?"

Ya tatu ilikuwa na umbo sahihi, na dada akatulia. Basi tukafika kwenye gusaba yenyewe, kule kuomba mke. Hapo kila upande huwa na msemaji wake, na kazi ya msemaji wa upande wa msichana ni kukataa, kwa ustadi, mpaka ng'ombe wa mahari watajwe. Wa kwetu, mwalimu mstaafu, alikataa kwa dakika hamsini. Aliwaambia wageni kwamba msichana huyo hatumjui. Kisha kwamba tunamjua lakini anataka kuwa mtawa. Kisha kwamba wamekosea nyumba, wajaribu ya jirani. Mwishowe akainua kidole, akasema, "Msichana hatumtoi!"

Picha ikaganda. Mdomo wazi, kidole juu. Tukaitoa DVD, tukaifuta kwa pamba, tukairudisha. Kidole kilekile.

"Umeona?" alisema dada. "Amenyimwa."

"Dada, si unajua alipewa? Wameshafunga ndoa."

"Mimi naangalia kile unachonionyesha."

Kosa lilikuwa langu. Niliijaza DVD mpaka pomoni, nikaichoma kwa kasi ya juu kabisa. DVD huandikwa kuanzia katikati kwenda nje, na ikiwa ya kubahatisha huharibika kwanza ukingoni. Jibu la ukoo wetu lilikuwa ukingoni.

Suluhisho moja ni kupunguza. Kupunguza ndiyo kazi yangu. Mtu anayeandika makala hujisifu kwa alichokata. Dakika hamsini za kukataa nikazipunguza hadi tatu. DVD ya nne ikaenda mpaka mwisho bila kukwama hata mara moja, nami nikakunja mikono nikingoja pongezi.

Dada alikuwa analia.

"Wamekuja, wameomba, mkawapa? Hata soda hazijafunguliwa! Mtoto niliyembeba mgongoni, unamtoa kama mtu anayeazima kiti?"

Nilimweleza kuhusu nafasi iliyomo kwenye DVD. Si maelezo ninayojivunia.

Jumamosi nikachoma upya, DVD mbili, pole pole, bila kukata neno. Nikarudisha mashine kwa mwenyewe, nikamwambia kazi imekwisha. Jumapili binti yangu na mume wake wakaja kuaga, na kreti ya Fanta. Dada akaonyesha kiti cha karibu na mlango. "Mgeni akae pale."

Ya kwanza kati ya hizo mbili ilikwenda vizuri kabisa. Ilimalizika kwenye kidole, jibu likiwa kwenye ya pili. Nikaweka ya pili. Deki ikaandika kwamba haina kitu ndani. Ndipo nikakumbuka kisanduku kimoja kwenye kompyuta, cha kuifunga DVD ikishachomwa, ambacho sikukitia alama kwa sababu nilitaka kuongeza picha baadaye. DVD isiyofungwa, kwa deki, ni kama haipo.

Binti yangu aliangalia sakafu.

"Shangazi," mume wake akasimama, "basi acha niombe tena."

"Wewe ni nani?" aliuliza dada. Kisha akanielekezea mkongojo. "Wewe, kataa."

Kwa desturi baba wa msichana hunyamaza siku hiyo, na sasa najua kwa nini.

"Samahani," nilisema, "hayupo."

Binti yangu alikuwa amekaa ubavuni mwangu, sahani ya ndizi mapajani.

"Ndiyo kukataa huko? Profesa mzima! Kataa kama watu!"

Nikasema amekwenda kwa watawa. Kijana akasema atangoja kwenye lango lao. Nikasema amekosea nyumba. Akasema ya jirani ameshajaribu, wamemfungulia mbwa. Dada aliuma mdomo asicheke.

"Na ng'ombe?" aliuliza.

Kijana akatoa simu, akatafuta picha, akampa kwa mikono miwili. Dada akaiweka mbali, akaivuta karibu, akaiweka mbali tena. Deki ilikuwa bado inakwaruza, ikitafuta kitu kisichokuwepo.

"Watu siwaoni," alisema hatimaye. "Lakini ng'ombe wanaonekana."

Akamvuta binti yangu, akamketisha kando ya mguu wa plasta, akaushika mkono wake.

"Mkwe," alisema bila kugeuka, "zima hiyo deki. Inatupigia kelele."