Zoezi Kwenye Jengo la Kufulia

Muuguzi mkuu wa wodi ya saratani alibandikwa jina la Bi Kesho. Huwezi kukaa naye mezani bila kuulizwa, maradhi ya kuambukiza yakizuka tena kesho, wagonjwa wetu tutawaweka wapi? Wenzake walikuwa na mtindo wa kukumbuka kazi ghafla. Mumewe, dereva mstaafu, aliwaambia majirani kwamba mke wake hulala na barakoa chini ya mto, na Bi Kesho mwenyewe hakukanusha, kwa kuwa barakoa ilikuwepo kweli.

Walimtania, ila sababu waliijua. Janga lilipopiga, wodi yake ilipewa wagonjwa wa kikohozi, na wa saratani wakaambiwa wabaki nyumbani hadi hali itulie. Mdogo wake alikuwa amegundua uvimbe kwenye titi. Kwa hofu ya kuambukizwa, hakuthubutu kukanyaga hospitali. Hali ilipotulia, ugonjwa ulikuwa umeshasambaa mwilini, na wakamzika.

Tangu hapo Bi Kesho akawa anamganda daktari mkuu kama kupe, mpaka bwana yule, kwa kutafuta amani, akampa jengo la zamani la kufulia nguo, lenye geti lake la nyuma. Wakalisugua, wakalipaka rangi, wakapanga viti vya kuwekea watu dripu. Kisha Bi Kesho akaomba siku moja wajifanye janga limeingia. Wagonjwa wa dripu wapite nyuma, mtu asivuke kwenda upande wa jengo kubwa la hospitali, na mlinzi asimruhusu anayekohoa, hata awe nani.

Siku ilipofika, wagonjwa waliingia vizuri, wakaketi. Mumewe alikuwa amekubali kuigiza mwenye kikohozi, na aliigiza kwa moyo wote hata fundi cherehani mmoja aliyengoja dripu yake akamwonea huruma. Mlinzi akamwelekeza kwenye hema la pembeni. Mara akaja daktari mkuu kukagua. Vumbi la njiani likamkaba, akakohoa. Mlinzi akasimama katikati ya geti, akamwomba radhi, na hakusogea.

Bi Kesho aliona yote hayo dirishani, akajisikia kama bibi harusi. Akageuka, akawaambia wauguzi waanze.

Muuguzi mmoja akauliza kwa upole, "Dada, dawa ziko wapi?"

Dawa zilikuwa kwenye friji la jengo kubwa, upande ule ambao yeye mwenyewe alikataza mtu asivuke. Mumewe, aliyesikia kila kitu kutoka hemani, akasahau kukohoa.

"Mke wangu," akasema, "umealika wageni, chakula umekifungia kwa jirani."

Watu wakacheka, fundi cherehani akacheka zaidi yao. Bi Kesho uso ulimwaka. Lakini kilichomchoma si kicheko. Aliwatazama wale watu vitini, wametulia, mikono wameshaikunja tayari, akaona kwamba lingekuwa janga la kweli angewarudisha wote nyumbani bila tiba, tena kwa utaratibu mzuri kabisa. Akatoka hadi getini.

"Mkuu, nahitaji friji humu ndani. Na mfamasia wetu wenyewe."

Daktari mkuu alikuwa anajifuta jasho juani. "Nikikubali, nitaingia?"

Bi Kesho akamtazama mlinzi. Mlinzi akatikisa kichwa kukataa.

"Nimekubali hata hivyo," daktari akasema.

Zoezi likasitishwa, dawa zikaletwa, na wagonjwa wakapata dripu zao wamechelewa kidogo lakini wamechangamka. Friji lilichukua muda kupatikana, kama vitu vya hospitali vilivyo. Lilipowasili, daktari mkuu alikuja mwenyewe kulishuhudia likiwashwa, akapumua kama mtu aliyetua mzigo. Alikuwa hajafika mlangoni Bi Kesho alipomshika mkono wa koti na kumuuliza, kwa sauti ya heshima, umeme ukikatika wafanyeje.