Nilimwandika mama jirani analia tu, akaniuliza swali moja

Salaam wakuu. Hili limenitokea mwenyewe na sijaongeza chumvi. Mwenye haraka apite tu, sitamlaumu.

Kwetu ni Bukiriro, Ngara. Huwa naandika hadithi na kuziweka kwenye group la watu wa nyumbani.

Mwaka jana niliandika moja ya kijiji. Nikasema safari hii kila kabila liwemo, asije mtu akalalamika. Mhangaza, mwenyeji wa hapa kwetu, nikampa uenyekiti wa kitongoji, Msukuma ng'ombe, Mhaya ualimu na majivuno (Wahaya mnisamehe).

Mrundi nikampa mzigo kichwani na machozi. Anavuka mpaka analia, hadithi inaisha bado analia.

Huyo nilimtoa kwa jirani yetu, Mama Odeta. Alikuja akikimbia vita Burundi akiwa binti, akaolewa hapa hapa. Mama yangu alipougua muda mrefu, yeye ndiye aliyenilea.

Nikaenda kumsomea, na mbwembwe zote. Alikuwa anachambua maharage. Nilipomaliza akasogeza ungo pembeni.

"Umeandika vizuri, mwanangu. Wenzangu humu wanagombana, wanataniana. Halafu mimi nalia tu. Kwani hujawahi kuniona nikicheka?"

Nilitamani ardhi ipasuke. "Nitairekebisha, mama."

"Irekebishe, nitaisikiliza."

Wakuu, sikuirekebisha. Watu wa group walishaisifu, nikaona ya nini kuhangaika. Kila nikimpa shikamoo aliitikia marahaba, kisha akauliza, "Ile yangu imefika wapi?" Namjibu bado kidogo.

Mwezi wa tatu mwaka huu akafariki, presha.

Msibani binti yake alisoma wasifu wa marehemu. Kwamba aliongoza sauti ya pili kwaya. Kwamba aligombana na baba yangu kwa mpaka wa shamba, wakanuniana misimu miwili, kisha yeye akaja kucheza kuliko wote harusi ya dada. Watu walicheka huku wanalia.

Kukimbia vita kulitajwa kwa sentensi moja, wakaendelea.

Nilikwenda nyuma ya migomba nikalia. Yote yale niliyajua. Nilipokaa kuandika ndipo niliyaacha.

Mnaoandika, kumweka mtu wa kila kabila hakutoshi. Mpe na ugomvi, utani, hata kiburi, kama unavyompa mtu wa kwenu. Mimi nimejifunza kwa aibu.

Hadithi nimeirekebisha wiki iliyopita. Anacheka kuanzia mwanzo, na aliyeahidi kuisikiliza hayupo.

Nyie mliowahi kuchelewa hivi, mlifanyaje?