Bibiana na Kikosi cha Ushindi

Bibiana Mloka alizaliwa Fukayosi, katika nyumba ambamo shetani aliheshimiwa kuliko mgeni wa serikali. Baba yake alikuwa katekista. Jumapili alisimama mbele ya waumini akawaeleza kwamba Mungu ndiye mwenye nguvu zote. Jumatatu akawafunga wanawe hirizi viunoni, kwa tahadhari tu, alisema, maana Mungu ana kazi nyingi. Katika nyumba hiyo hawakufagia baada ya jua kutua, hawakupiga mluzi, hawakuitika sauti iliyowaita mara moja tu, na kucha zao zilizikwa kama vito vya mfalme. Walimwogopa bundi, walimwogopa paka mweusi, walimwogopa shangazi. Aliyekuwa hatishi mtu ni Mungu peke yake.

Bibiana alipotimiza miaka kumi na minne, mama yake alifariki kwa uzazi. Ukoo ulikaa matanga ukimtafuta aliyemroga. Hakuna aliyeuliza kwa nini marehemu alikaa siku mbili na uchungu ndani kabla ya kutafutiwa usafiri. Swali hilo halikuwa na utamu. Shangazi ndiye aliyepatikana na hatia. Akahama kijiji na kifurushi chake kichwani, na Bibiana, aliyempenda kuliko ndugu wote waliobaki, hakumuaga, kwa kuwa alikatazwa hata kumtazama machoni. Jambo hilo lilimkaa moyoni miaka mingi. Alikuja kufahamu kwamba uchawi, kama upo au haupo, haukuwafanyia kwao ubaya wowote ambao woga haukuwa umeshaumaliza wenyewe.

Alipoolewa na Kornel, fundi wa mashine za boti, na kuhamia Zinga, aliifungua ile hirizi mwenyewe, akaitumbukiza chooni, akangoja kufa. Alingoja wiki nzima kwa uaminifu. Wiki ilipokwisha akapata kazi ya kushona magauni sita ya ubarikio, akaona kufa kutamchelewesha. Tangu hapo imani yake ilikuwa fupi, haikuhitaji kipaza sauti: aliogopa kama watu wote, ila kila alipoogopa alimwambia Mungu jina la kitu anachokiogopa, kisha akafanya kile alichokuwa akitaka kufanya.

Kipaza sauti kilikuwa cha wengine. Pale kigangoni palikuwa na kikundi cha maombi kilichojiita Kikosi cha Ushindi, na mwenyekiti wake alikuwa Eufrasia, Mama Rozina, mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuamsha hata kuku waliokwisha kuchinjwa. Kila Jumatano saa kumi alasiri shetani alikanyagwa, alifungwa minyororo, alichomwa moto, akatupwa baharini. Na kila Jumatano iliyofuata alikuwa amesharudi mzima wa afya, maana kazi ilianza upya kutoka mwanzo. Bibiana alikuwa mwanachama wa kawaida. Aliwashonea skafu nyekundu, akakaa benchi la nyuma, na hakupata hata mara moja kuombwa aongoze, kwa sababu alisali kwa sauti ya mtu anayeongea na mtu aliye karibu.

Basi Jumamosi moja ya mwezi wa sita, Bibiana alifungua mlango asubuhi atoe cherehani yake kibarazani, akakuta chungu. Kilikuwa chungu kidogo cheusi, kimewekwa katikati ya mlango kama mtoto aliyetelekezwa. Ndani yake mlikuwa na yai, manyoya ya kuku, sindano saba, na karatasi yenye jina lake. Vyote vimefungwa kwa kitambaa chekundu.

Magoti yalikumbuka Fukayosi kabla kichwa hakijakumbuka. Akashika mwimo wa mlango, akasema kimoyomoyo, Bwana, ninaogopa chungu. Kisha akainama kukitazama vizuri, na hapo jicho la fundi likaona ambacho jicho la mwoga lisingekiona. Kile kitambaa kilikuwa chake. Pindo lilikuwa lake, mshono wa zigizagi wa cherehani yake, inayoruka kila baada ya inchi tatu. Kilikuwa kipande kilichobaki katika zile skafu za Kikosi, na mtu mmoja tu ndiye aliyeomba apewe mabaki hayo, akisema atayatumia kufutia vyombo: Mama Rozina.

Kwa hiyo Bibiana alijua tangu dakika ile. Wengine hawakujua, na hakuwaambia.

Mumewe alitoka na kikombe cha chai, akaona, akakumbuka kwamba kuna mashine Mbegani iliyokuwa ikimsubiri kwa udharura mkubwa. Hakuwahi kumalizia chai. Alisema atalala kwa kaka yake siku mbili tatu hivi, kazi ikiwa nzito. Majirani nao walikuja, wakasimama mbali, kule barabarani, wakampa pole kama mtu aliyekwisha kufa ila hajaarifiwa. Kikosi cha Ushindi kilifika saa tatu, wanawake kumi na moja na skafu zao shingoni, wakapiga kambi ng'ambo ya barabara. Walisali kwa nguvu sana kutoka huko. Bibiana alipowakaribisha wapite, katibu alijibu kwamba kwa jinsi Roho anavyofanya kazi, umbali si kitu. Mama Rozina hakuwepo. Alituma ujumbe kwamba presha imempanda.

Aliyevuka barabara alikuwa mmoja, Bi. Batuli, bibi wa Kiislamu wa nyumba ya tatu, ambaye hakuna aliyemtuma.

"Shikamoo, Bi. Batuli."

"Marahaba, mwanangu. Ufagio wako uko wapi?"

Akasema bismillahi, akashika ufagio. Bibiana akafanya ishara ya msalaba, akashika chungu. Waliyafagia manyoya, wakaichoma karatasi pamoja na kile kitambaa kwenye takataka, na sindano Bibiana akazipangusa, akazitia katika kopo lake, kwani zilikuwa nzima na nzuri. Yai alikusudia kulikaanga. Alilivunja kwenye kikaango mbele ya watu wote, likatoa harufu iliyowarudisha nyuma hata Kikosi. Lilikuwa viza. Ng'ambo ya barabara watu wakanong'ona kwamba hiyo ndiyo nguvu yenyewe ya giza. Bi. Batuli akasema ni nguvu ya yai la wiki tatu.

Kama mambo yangeishia hapo, Bibiana angekuwa shujaa bila gharama. Lakini siku ya tano akaamka na homa. Alitetemeka mpaka kitanda kikalia. Zinga ilipata raha isiyo kifani: waliosema atakufa wakawakumbusha wengine kwamba walisema. Zahanati walimpima, wakamkuta na malaria, wakampa dawa ya mseto kama wanavyowapa watu wengine wengi kila wiki ya msimu huo. Habari ya malaria haikumridhisha mtu. Waliuliza mbu aliyemuuma alitumwa na nani.

Na huyo Bibiana mwenyewe, akiwa amelala peke yake mchana, mabati yakilia kwa joto, hakuwa shujaa hata kidogo. Alihesabu sindano saba. Aliwaza pengine baba alikuwa na sababu. Aliwaza angebakiza hirizi, hata ile kamba yake tu. Alipojaribu kusali maneno yalikatika katikati, akalia kwa aibu, kwamba mwanamke mzima, miaka yote hiyo ya kusali, anarudishwa Fukayosi na joto la mwili. Ikabidi aseme lililobaki: Bwana, naogopa, wala siwezi kuacha kuogopa, basi wewe usiniache. Akalala. Hakuona malaika wala nuru. Alipoamka Bi. Batuli alikuwa ameketi pembeni na bakuli la uji wa pilipili manga, akimlalamikia kwamba umepoa.

Siku ya tatu ya dawa homa ilimwacha. Ilipomwacha ndipo ikaja hasira, na hiyo ilikuwa ngumu kuliko homa. Chungu alikifagia kwa nusu saa. Mama Rozina hakufagilika. Akiwa anasukuma pedali ya cherehani alimwona akilini yule mwanamke akifunga fundo lile jekundu kwa mikono ile ile anayowawekea wagonjwa wa kigango, na alimtakia mambo ambayo mganga yeyote angeyatoza fedha nyingi. Akalijua hilo. Akaanza kumtajia Mungu kitu kingine anachokiogopa: moyo wake mwenyewe.

Rozina, binti wa mwenyekiti, alikuja siku ya Ijumaa. Alisimama kibarazani akizungusha kona ya kanga, akasema mama hatoki ndani wiki ya pili sasa. Hali, halali, madirisha ameyafunga, na kila kuku akiwika anasema wamekuja. Hospitali hataki. Padre hataki. Anamtaka Bibiana, na hasemi kwa nini.

Bibiana alijibu kwamba ana kazi. Akashona mikono miwili ya gauni, yote miwili akaishona ya kushoto. Akaifumua, akatia mkasi mfukoni, akaenda.

Alimkuta Mama Rozina kitandani, amekonda mashavu, macho yamemtoka. Ukutani palikuwa na picha tatu za watakatifu, na chini ya kitanda kulikuwa na chumvi ya mawe, majivu na kitu kilichofungwa kwa majani ya mgomba, ili upande wowote utakaoshinda, mwenye nyumba awe amejiandikisha.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema Bibiana.

"Milele na milele," Mama Rozina aliitikia, akaanza kulia.

Habari yote aliitoa kwa mkupuo. Binti yake alikuwa ameposwa mara mbili na posa zote mbili zimevunjika. Akaogopa kwamba kuna mkono wa mtu. Alisali, na jibu halikuja kwa haraka aliyoizoea, basi akaenda kwa mganga huko bara, rozari ikiwa ndani ya pochi, akaambiwa njia ya mtoto imefungwa na mwanamke mwembamba mwenye cherehani. Akalipa, akapewa chungu. Baadaye akasikia Bibiana amevunja yai na yungali hai, akajua kwamba alichokituma kitamrudia mwenyewe. Tangu siku hiyo anakisubiri.

"Niliogopa," alisema.

"Mimi pia."

"Wewe hukuogopa. Ulishika kwa mikono."

"Niliogopa nikashika. Nikaugua, nikaogopa tena nikalia kama mtoto. Muulize Bi. Batuli."

Mama Rozina alimshika mkono akamsihi aliondoe alilomrudishia. Aliamini kabisa kwamba Bibiana ana dawa kubwa kuliko ile ya bara.

"Sina nilichokurudishia, mwenzangu. Nilikuwa na hasira tu, na hiyo nimeipeleka kwa Mungu kila siku, nayo kila siku inarudi. Leo naipeleka tena, mbele yako. Nimekusamehe."

Hakulisema kwa utamu. Lilitoka kavu, kama dawa inavyomezwa, lakini lilitoka. Mama Rozina akafunua gauni, akaonyesha kiunoni kamba tatu zenye hirizi. Mafundo yalikuwa yamelowa jasho, hayafunguki. Bibiana akatoa mkasi, na huyo mwenyekiti aliyemkanyaga shetani miaka tisa akafumba macho akang'ata kanga wakati kamba zinakatika. Halafu wakasali Baba Yetu, polepole, wanawake wawili na Rozina mlangoni. Waliposema utuopoe maovuni, Mama Rozina aliacha sauti yake ya kipaza sauti, akaongea kama mtu anayezama. Pengine ilikuwa mara ya kwanza kumwomba Mungu jambo hilo badala ya kumtangazia. Wakamaliza, akaomba chai, akala na mihogo miwili.

Jumatano iliyofuata aliingia kigangoni, akashika kipaza sauti kutoa ushuhuda. Alianza kama kawaida, kwa adui aliyevamia nyumba yake na jinsi alivyoshindwa, na Kikosi kikaanza kupiga makofi. Bibiana, benchi la nyuma, alitazama sakafu. Akajisemea kwamba alisamehe, hakusema amesamehe endapo mwenzake atakiri. Ghafla makofi yakawa yanapigwa bila maneno. Mama Rozina alikuwa amekishusha kile kipaza sauti.

"Chungu kile nilikiweka mimi," alisema.

Kikosi cha Ushindi kilikuwa na nyimbo zipatazo arobaini za kumponda shetani, na siku hiyo haukupatikana hata mmoja wa kumwimbia mwenyekiti aliyekiri. Wa kwanza kuvuta kiti chake mbali ni katibu, yule wa umbali si kitu. Bibiana alisogea kwenye benchi, akapigapiga pale pembeni kwa kiganja, na Mama Rozina akaja kuketi hapo.

Kornel alirudi kutoka Mbegani mashine yake ilipopona, akasema alikuwa akimwombea mkewe kila siku. Kuhusu watu wa Zinga, walikaa wakalitafakari suala zima kwa makini, wakafikia uamuzi: Bibiana ana mganga mkali kupita wote wa mkoa. Wakaanza kuja mmoja mmoja, na vitambaa vya kushonwa kama kisingizio, wakiulizia kwa sauti ya chini mganga huyo anakopatikana na anataka nini. Aliwaambia ukweli, kwamba ni Mungu yule yule wanayemjua, na hatoi chochote cha kufunga kiunoni. Wengi walisikitika. Walishukuru kwa adabu, wakachukua vitambaa vyao, wakaenda kuulizia kwingine. Wawili watatu walibaki, wakaketi kibarazani, na mmoja wao, mama mwenye mtoto mgongoni, akaanza kumweleza taratibu ni kitu gani anachokiogopa.